Adabu ya Kuuliza

Wahenga walituachia wasia kuwa ukimchunguza sana bata, hutamla. Hapana shaka wasia huu una hekima yake. Visiwani, ambako nyumba zimeegemeana na watu ni jamaa, maisha hayawezi kudumu pasipo kusitiriana. Hata hivyo, liko swali ambalo methali hii hailijibu: ikiwa kilichofichwa si aibu ya jirani bali ni dhulma, je, kunyamaza kungali ni adabu?

Marehemu Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alilitia swali hilo katika riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Mtu ameuawa, na maiti yake imekutwa mzimuni. Mahali pa namna hiyo humfaa sana mwenye hatia, kwani pale ambapo watu wanaogopa hata kupita, nani atathubutu kuuliza? Hofu ya wengi huwa pazia la mmoja. Bwana Msa, na kiko chake mkononi, halitukani pazia hilo wala hawacheki wanaoogopa; hulifunua kwa kuuliza na kupima majibu.

Wapo watakaosema kuwa huo nao ni udaku. La, hasha! Mdaku huuliza ili apate la kupeleka barazani, na jibu likimpendeza hulisadiki. Mdadisi huuliza ili haki imfikie mwenyewe, naye hukubali kuwa huenda amekosea. Si ajabu kwamba mwandishi yuleyule, mwaka 1984, alitoa kitabu akakiita Kosa la Bwana Msa. Jina lenyewe linatukumbusha kuwa hata bingwa wa kuuliza si maasumu.

Nadhani hapa ndipo ilipo faida ya hadithi. Tukisoma, nasi hushuku: huyu ndiye, la, ni yule. Aghalabu tunakosea, tukaona haya peke yetu, wala hapana jirani tuliyemvunjia heshima. Ukurasa umetufunza kutilia shaka, na umetufunza pia kuitilia shaka ile shaka yetu wenyewe. Mtu aliyepata mafunzo hayo ndiye ninayependa awe jirani yangu siku nitakayodhulumiwa.

Basi bata na tumle bila ya kumchunguza. Lakini anapodhulumiwa binadamu, anyamazaye kwa adabu amemstahi nani?