Kikoi cha Mume na Macho ya Watu

Katika masuali yanayotufikia kutoka kwa ndugu zetu walioko bara, liko moja ambalo kwa dhahiri ni dogo, hata wako katika barza yetu waliolicheka lilipotajwa. Nalo ni hili. Mwislamu wa pwani anayekaa Meru au Embu kwa kazi au kwa biashara, akitoka nyumbani kwake jioni na kikoi kiunoni, watu wa sokoni humkodolea macho, vijana wa bodaboda humwuliza kama leo amekosea akavaa nguo ya mkewe, na mkewe mwenyewe, khasa akiwa ni mzaliwa wa huko, humwambia: "Usinifedheheshe. Vaa suruali." Je, amtii? Au awapuuze wote, mke na watu? Au huenda yeye ndiye mwenye makosa tangu mwanzo?

Sisi hatulioni suali hili kuwa ni la kuchekwa. Mtu anapoulizwa uanaume wake uko wapi mbele ya watoto wake, hilo si jambo jepesi. Na nyumba imepata kuvunjika kwa maneno madogo kuliko hayo.

Kwanza yafaa tufahamu wanacheka nini. Katika miji ile, nguo ya kujifunga kiunoni ambayo macho ya watu yameizoea ni leso. Mwanamke huifunga juu ya gauni lake akienda sokoni au shambani, au humbebea mtoto mgongoni. Jicho lililokulia huko halijafundishwa kutofautisha leso iliyopigwa chapa, inayouzwa jozi, na kikoi kilichofumwa, chenye mistari pembeni na matamvua miishoni. Huona kitambaa kimezunguka kiuno, likahukumu. Kwa hayo watu wa Meru hawana makosa makubwa. Sisi pia tungeonyeshwa nguo mbili za watu wa mbali, moja ya kiume na moja ya kike, pengine tusingejua ipi ni ipi.

Lakini jambo hili halikuishia hapo. Isiolo iko karibu na Meru, na Wasomali na Waborana wamekuwa wakija kila siku, wengine kununua miraa Maua na Meru mjini, na wazee wao wamejifunga mashuka yao mpaka chini ya magoti. Hao hawaulizwi kitu. Watu husema, "Ndivyo walivyo," wakaendelea na mizani zao. Kumbe si kitambaa kinachochekwa. Anayechekwa ni yule ambaye wenyeji wamemhesabu kuwa karibu ni mwenzao: anasema Kiswahili kama wao, ana mke kwao, ana watoto katika shule zao, kisha akatoka na vazi lisilo lao. Mgeni kamili husamehewa, jirani hasamehewi. Na mzigo mzito zaidi humwangukia Mmeru au Mwembu aliyesilimu. Huyo akionekana na kikoi au kanzu haambiwi tu kuwa amevaa nguo ya kike, bali huambiwa amewatupa wazazi wake.

Na tuwaulize hao wanaocheka: suruali hiyo ilifika lini kwao? Boma la serikali ya Kiingereza liliwekwa Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Kabla ya hapo mababu zao walivaa ngozi, na baadaye wakajitanda mablanketi, wala hapana aliyewaona kuwa ni wanawake. Kaptula na shati zililetwa na boma, jeshi na shule za misheni. Mpaka leo wazee wa Njuri Ncheke wanapokutana Nchiru kwa shughuli za mila huvaa mavazi ya mila, na vijana wale wale wa bodaboda huwapisha njia kwa heshima.

Liko na ajabu jingine ambalo wengi hawalijui. Misheni ya Chogoria, kusini ya Meru, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilikuwa ya Waskoti. Na Waskoti hao, katika milima ya nchi yao, wanaume huvaa nguo ya kujizungushia kiunoni inayofika gotini, nao huiita kilti. Walipoasi wakashindwa vitani Culloden mwaka 1746, serikali ya London ilipitisha sheria mwaka huo huo kuwakataza wanaume na wavulana wa milimani kuivaa. Kosa la kwanza lilikuwa kifungo cha miezi sita. La pili, kupelekwa ng'ambo miaka saba. Walioruhusiwa ni askari wa jeshi la Mfalme tu! Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782, na mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh alivaa kilti yeye mwenyewe. Nguo ile ile, katika muda usiofika miaka themanini, ilikuwa uasi, kisha ikawa fakhari ya ufalme. Lau nguo ingekuwa na uanaume au uanauke ndani ya nyuzi zake, isingegeuka hivyo. Kanzu nayo ilifika Buganda pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu katika karne ya kumi na tisa, na leo Mganda Mkristo huivaa harusini akatia koti juu yake, na mkewe akamwona amependeza.

Ama sharia, kila Mwislamu amesikia kuwa Mtume (s.a.w.) amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake, na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari, na baadhi ya wanaomlaumu mwenye kikoi huitoa kama hoja. Lakini Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, alipoisherehesha hadithi hiyo alibainisha kuwa sura ya mavazi hukhitalifiana kwa ada ya kila nchi. Na huenda wakawako watu ambao nguo za wake zao na za waume zao ni namna moja, ikawa tofauti yao ni stara tu. Mtume mwenyewe alivaa shuka kiunoni. Na mwanamume anapohirimia Hija, haruhusiwi kuvaa suruali illa akikosa shuka. Vipi basi vazi la ibada ile tukufu liwe aibu katika soko la Embu?

Huenda mtu akatugeuzia hoja yetu akasema: ikiwa ada ndiyo inayohukumu, basi ada ya Embu imehukumu kuwa hiyo ni nguo ya kike, na kwa hivyo ni haramu kwake huko. Hili ni neno la kufikiriwa, wala hatulidharau. Jawabu yetu ni kuwa yule mtu hakujifananisha na mwanamke. Ana ndevu, ana shati, ana kofia, na nguo yake imefumwa kwa ajili ya wanaume na inajulikana hivyo kwa watu wake, ambao nao ni wakazi wa mji ule. Hapana aliyemwona akamdhania ni mwanamke. Na kicheko chenyewe ndicho shahidi. Ama anayetoka na leso ya mkewe kweli, huyo hana udhuru kwetu. (Wanaolala nazo tunawajua, na hatuwataji.)

Sasa tufike kwa mke, kwani aibu yake si sawa na kicheko cha sokoni. Vijana wa bodaboda wakimaliza kucheka hupata abiria wakasahau. Yeye huulizwa na dada zake, huulizwa na wenzake wa chama, huulizwa na mama yake, na kila mara yampasa ajibu kwa niaba ya mume ambaye hayupo. Qur'ani imewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenziwe, na Ibn Abbas amepokewa akieleza kuwa alipenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama alivyopenda yeye ajipambe kwa ajili yake. Basi mume akiambiwa na mkewe kuwa vazi lake halimpendezi, asimjibu kwa hadithi. Kikoi si nguzo ya dini. Akivaa suruali siku wanapokwenda kwa wakwe, hakupungukiwa na kitu katika Uislamu wake. Naye mke asimcheke mumewe mbele ya watoto, wala asiseme maneno ya sokoni ndani ya nyumba. Hayo ndiyo yanayoumiza.

Lakini liko jambo ambalo wanaume wenzetu hawapendi kulisikia, na kwa ajili yake tumelirefusha suali hili. Wengi wa ndugu zetu hawa wamewaamrisha wake zao wavae buibui katika miji ile ile. Mke hupita nalo sokoni, hutazamwa, huitwa majina, na akilalamika nyumbani huambiwa: "Subiri, usiwajali watu." Mume huyo huyo, basi lililomchukua kutoka Mombasa likikaribia Embu, hukikunja kikoi akakitia mkobani, akashuka na suruali. Twajua watakavyojibu: stara ya mwanamke ni faradhi, na kikoi ni ada tu. Ni kweli, na hatuwalazimishi kuvaa kikoi. Tunachouliza ni hiki: mtu ambaye hakuweza kuvumilia kicheko cha siku moja, amemwamrisha vipi mwingine avumilie cha miaka kumi, na asimwulize hata jioni moja siku yake ilikuwaje? Huenda mke yule anayesema "vaa suruali" haoni haya kwa kikoi. Huenda amechoka, na ameona nyumba moja haiwezi kubeba macho mara mbili.

Na sisi wa pwani tusijione tumesalimika. Mmasai anayelinda maduka yetu Mombasa usiku, amejitanda lubega, amesikia mangapi kutoka kwa watoto wetu, na sisi tumekaa barazani tukitabasamu? Suratul-Hujurat imekataza watu kuwacheka watu wengine, wala haikuwatoa wenye vikoi.

Kwa hivyo jawabu yetu kwa aliyeuliza ni kuwa kikoi chake ni halali Meru na Embu kama kilivyo halali Lamu, na ya sokoni asiyajali. Ila akae na mkewe amsikilize, na aanze kwa kumwuliza khabari za buibui kabla ya kueleza khabari za kikoi. Na akipanda bodaboda nacho, atie kaptula ndani, kwani uchi wa mwanamume ni kutoka kitovuni mpaka gotini, na upepo wa mlimani hauangalii ada ya mtu.