Sitara ya familia isigeuzwe kichaka cha kumdhulumu mzazi

 

Waislamu wa mijini tuna jambo moja tunalopenda kujisifia. Zikitajwa nyumba za kulelea wazee za huko Ulaya, haraka tunasema: "Alhamdulillah, sisi wazee wetu tunakaa nao nyumbani." Ni kweli, na ni neema. Lakini kukaa na mzee si lazima kuwe ni kumtunza, na ukuta wa nyumba ya Muislamu hauzuii dhulma. Mara nyingine unaificha tu.

Jioni moja baada ya darsa ya Maghrib alinifuata kijana mmoja. Mama yake amevuka miaka sabini, na kwa miaka mitatu amekuwa akipoteza kumbukumbu. Anadai chakula ambacho amekila sasa hivi, anatoka usiku wa manane kwenda kumtafuta mumewe aliyekwishafariki, na wanawe anawaita kwa majina ya kaka zake. Anaishi kwa mwanawe mkubwa. Siku hiyo kijana alikwenda kumjulia hali, akamkuta amefungwa mkono kwa kanga kwenye mguu wa kitanda, ngozi imechubuka, na nyumbani hakuna mtu. Kisha akapata habari kuwa kiwanja cha mama kimeuzwa, na kwenye karatasi ya mauziano kuna alama ya dole gumba la mama.

"Ustadhi," akaniuliza, "nikimshitaki kaka yangu, si nitakuwa nimekata udugu?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia avute subira, amwombee dua kaka yake, mambo ya nyumbani yaishie nyumbani. Wiki tano baadaye mama yule alilazwa hospitali, mkono umevunjika. Makala hii ndilo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Kwanza tufahamu kilichompata mama. Si jini wala uchawi, na si "utoto wa uzee" wa kuchekwa. Ni maradhi ya ubongo, madaktari wanayaita demensia, na aina yake inayojulikana zaidi ni Alzheimer. Utafiti uliofanyika mwaka 2010 wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta kuwa katika kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, takriban 6 wanayo. Sisi wenye Qur'an tusingepaswa kushangaa. Allah (s.w.) ametueleza kuwa miongoni mwetu wapo watakaorudishwa kwenye umri dhalili, wasijue kitu baada ya kuwa walijua (16:70), na Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na umri huo. Halafu wapo wanaojiita masheikh, wanamchapa bibi kizee fimbo ati wanamtoa jini. Hilo ni shambulio la mwili, hata kama limetanguliwa na Ayatul Kursiyyu.

Mtu aliyeondokewa na akili, kalamu imenyanyuliwa kwake. Mama akikutukana, akikutemea mate, akikwambia umemwibia, haandikiwi. Wewe unayemjibu kwa kofi ndiye unayeandikiwa. Na tukisoma Surat Al-Israa (17:23) tutaona Allah (s.w.) hakutaja uzee tu, ametaja uzee unaomfikia mzazi akiwa "kwako", yaani mikononi mwako. Hapo ndipo limekatazwa hata neno la kuguna. Ikiwa kuguna ni haramu, fundo la kanga kwenye mkono tuliweke wapi?

Je, kumfikisha ndugu mbele ya sheria ni kukata udugu? Katika Surat An-Nisaa (4:135) tumeamrishwa tusimamishe uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa wa karibu. Na Mtume (s.a.w.) alipohimiza kumnusuru ndugu, awe dhalimu au mwenye kudhulumiwa, maswahaba waliuliza vipi watamnusuru dhalimu, akawafahamisha kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu. Sitara tuliyofundishwa ni ya kufunika aibu ya mja. Haikuwekwa ili mwenye kuonewa azibwe mdomo, tena mwenyewe hana hata uwezo wa kueleza.

Sasa hatua zenyewe. La mwanzo ni usalama wa mama: aondolewe pale au apatikane mtu wa kukaa naye, leo si kesho. Kisha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ichukuliwe fomu ya PF3 ili daktari aandike majeraha aliyoyaona. Kama hali ni mbaya atibiwe kwanza, karatasi zifuate. Usidharau karatasi hiyo. Sheria yetu ya ushahidi inaitambua hali ya mtu asiyeweza kujibu maswali kwa sababu ya uzee mkubwa au maradhi ya akili, kwa hiyo huenda mama asiweze kusimama kizimbani. Atakayemsemea ni daktari, jirani aliyesikia kelele, na picha uliyopiga kwa simu yako.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, ina mambo mawili yanayotuhusu. Shambulio lenye kusababisha madhara ya mwili adhabu yake inafika kifungo cha miaka mitano. La pili wengi hawalijui: mwenye kumwangalia mtu asiyejiweza kwa umri, maradhi au kuharibikiwa akili ana wajibu kisheria wa kumpatia mahitaji ya maisha. Kumnyima chakula "ili asichafue kitanda" si suala la adabu mbovu peke yake. Ni suala la sheria.

Ama kiwanja, Sheria ya Mikataba inataka mwenye kuuza awe na akili timamu ya kuelewa anachokifanya na kupima maslahi yake. Aidha, inamwangalia kwa jicho la shaka aliyenufaika na mkataba wa mtu ambaye akili yake imeathiriwa na umri au maradhi. Dole gumba lililoshikwa na kuchovywa wino na mtu mwingine, hilo ni dole tu. Lakini mwenye kudai asilale. Kiwanja kikishauzwa mara ya pili na ya tatu kazi inakuwa kubwa.

Na kwa siku zijazo, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu ndugu kuiomba mahakama imteue msimamizi wa mali za mtu wa hali hii. Hili si geni kwetu. Aya ya deni (2:282) imemtaja walii wa kuandikisha kwa uadilifu kwa niaba ya asiyeweza, na wanazuoni wa fiqhi wameliweka jambo hili mikononi mwa kadhi pale asipokuwepo baba wala babu. Huku Bara hatuna Mahakama ya Kadhi yenye nguvu ya dola, malalamiko yetu juu ya hilo yanajulikana, lakini mama hawezi kusubiri mjadala huo uishe. Asiye na fedha ya wakili awaone wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, au afisa ustawi wa jamii.

Kijana yule alianzia kwa afisa ustawi. Kaka yake alipoitwa, alikuja na mkewe. Hakukana kumfunga mama. Alisema kwa miaka mitatu hajalala usiku mzima, kwamba mama aliwahi kuokotwa barabara kuu saa tisa za usiku, na kwamba fedha ya kiwanja nusu imekwisha kwa nepi na dawa. Nusu nyingine hakuweza kuieleza, na hiyo bado inadaiwa. Kisha akamgeukia mdogo wake mbele yetu sote, akamuuliza: "Wewe umelala na mama usiku mingapi?"

Kijana alinyamaza. Ilikuwa ni fedha tu, kila mwezi, kwa simu. Siku hizi mama yuko kwake kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, na mlango wa nje wamefunga komeo juu, mahali ambapo mkono wake haufiki.