Muhuri wa Tano Pale Waco

Kwa siku 51 mwaka 1993, FBI ilizungumza kwa simu na watu waliojifungia katika jengo la Mount Carmel, karibu na mji wa Waco, Texas. Waliokuwa ndani walikuwa Branch Davidian, kundi ambalo asili yake ni mmeguko wa Wasabato wa miaka ya 1930. Kiongozi wao, Vernon Howell, alikuwa amejiita David Koresh: jina la mfalme Daudi, na la Koreshi wa Uajemi aliyeiangusha Babeli. Mtu anayejichagulia majina hayo amekwisha kueleza anajiona nani na anawaona nani walioko nje ya lango lake.

Mzingiro ulianza kwa damu. Tarehe 28 Februari maafisa wa serikali ya shirikisho walifika na hati ya upekuzi wakitafuta silaha haramu. Risasi zikarindima, siku hiyo wakafa maafisa 4 na waumini 6. Ndipo FBI ikaja na magari ya deraya na wapatanishi wake.

Wapatanishi walitaka kujua idadi ya watoto waliomo na siku ya kutoka. Koresh aliwajibu kwa mihuri saba ya Ufunuo, saa baada ya saa. Baadhi ya maafisa waliyaita maneno hayo porojo za Biblia, wakangoja amalize ili mazungumzo ya kweli yaanze. Mazungumzo ya kweli yalikuwa ndiyo hayo.

Msomaji aliyekulia kanisani anaujua muhuri wa tano. Chini ya madhabahu zipo roho za waliouawa kwa ajili ya neno la Mungu. Zinalia zikitaka haki, zinaambiwa zingoje kitambo kidogo mpaka wenzao nao wauawe. Baada ya vifo vya Februari, watu wa Mount Carmel waliona wamo ndani ya aya hiyo. Kila usiku walipopigiwa makelele ya vipaza sauti, kila siku umeme ulipokatwa na magari ya deraya kusogea ukutani, kwao Babeli ilikuwa inatimiza sehemu yake. Mbinu za kuwatisha ziliwathibitishia kwamba wamesoma sawasawa.

Wasomi wawili wa Biblia, James Tabor na Phillip Arnold, waliliona hilo. Hawakuamini mafundisho ya Koresh, lakini waliyachukua kama mafundisho. Mwanzoni mwa Aprili walizungumza redioni, wakijua anasikiliza, wakajenga hoja kwa aya zake mwenyewe: kile kitambo kidogo huenda ni kirefu kuliko alivyodhani, na bado upo wakati wa kuuandika ujumbe wake. Tarehe 14 Aprili Koresh alitoa barua. Alisema ameruhusiwa kuandika maana ya mihuri, na kwamba maandishi yakishawafikia watu kama Tabor na Arnold, atatoka.

Wakubwa wa FBI waliona ni ujanja wa kuvuta muda. Walikuwa na sababu ya kushuku, kwa kuwa mwanzoni mwa Machi aliahidi kutoka kisha akasema Mungu amemwambia angoje. Tarehe 19 Aprili magari yalitoboa kuta na kumwaga gesi ya machozi. Moto ukazuka, na uchunguzi wa serikali baadaye ulisema uliwashwa kutoka ndani. Walikufa watu 76, zaidi ya 20 kati yao wakiwa watoto. Mwanamke mmoja aliyenusurika alitoka na diski ya kompyuta. Ndani yake yalikuwemo maelezo ya muhuri wa kwanza. Kazi ilikuwa imeanza kweli.

Koresh simtetei. Alijitwalia wasichana wadogo kuwa wake zake, na sheria ilikuwa na kila haki ya kubisha hodi kwake. Ninacholilia ni nadharia iliyoongoza macho ya waliombishia hodi. Baada ya Jonestown ya 1978, ambako walikufa watu zaidi ya 900 wa kundi moja la kidini, Marekani ilizoea kueleza makundi ya namna hii kwa neno moja: wafuasi wameoshwa akili. Ukishika maelezo hayo, huna tena haja ya kusikiliza, kwa sababu mateka hana hoja na laghai hana imani. Mwanasosholojia Max Weber alikuwa amefundisha zamani kwamba tendo la mtu halieleweki mpaka ujue yeye mwenyewe analipa maana gani. Naye Ninian Smart, aliyeanzisha idara ya masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Lancaster mwaka 1967, alimtaka mtafiti aweke kando swali la ukweli wa imani ili aone imani hiyo inafanya nini ndani ya watu. Hili si kulegea mbele ya uovu, maana bila kulijua hilo, hata nguvu ya dola hupiga pasipostahili.

FBI yenyewe ilijifunza. Mwaka 1996, kundi la Freemen lilipozingirwa huko Montana kwa siku 81, wasomi wa dini waliombwa ushauri, na mzingiro ukaisha bila mtu kuuawa.

Sisi Wakenya tuna Shakahola. Tangu Aprili 2023, katika msitu ule wa Kilifi imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa. Mahubiri yaliyotangulia hayakufichwa: shule ililaaniwa hadharani, Huduma Namba, namba ya utambulisho ya serikali, ikahusishwa na alama ya mnyama, na video zikasambaa. Walioyasikia wakayaita wazimu, na wazimu hausomwi aya kwa aya. Tunahitaji sheria za makanisa, ndiyo, lakini katika kila kaunti anahitajika pia mtu aliyesomea dini, mwenye kazi ya kuketi na mahubiri kama hayo mwanzo hadi mwisho, na kuuliza: anayeyaamini haya, kesho asubuhi atamfanyia nini mtoto wake?