Je, Mkatoliki Asome Kozi ya Jinsia?



Kuna swali ambalo wanafunzi wa vyuo wameniuliza zaidi ya mara moja, na karibu kila mara linakuja kwa sauti ya chini: "Frateri, ni dhambi kusoma kozi ya jinsia?" Dada mmoja alishaambiwa na mwenzake wa TMCS abadilishe kozi haraka, eti hayo ni mambo ya wazungu na yatamtoa kwenye imani. Ada ya muhula alikuwa ameshalipa, na nyumbani waliuza mahindi ili ipatikane. Kwa hiyo kwake hili halikuwa swali la kupigia soga.

Jibu langu ni kwamba sio dhambi. Sasa nieleze kwa nini, maana mtu atakayekaa darasani muhula mzima anahitaji zaidi ya ndiyo au hapana.

Tuanze na hilo la wazungu. Ni kweli programu ya masomo ya wanawake ilipitishwa mapema sana kule Marekani, chuo cha San Diego State, mwaka 1970. (Mwaka huohuo Papa Paulo VI aliwatangaza Mt. Teresa wa Avila na Mt. Katarina wa Siena kuwa Walimu wa Kanisa, wanawake wa kwanza kabisa kupewa heshima hiyo. Hakuna aliyepanga vitu hivi viwili viende pamoja, ila mimi napenda kukumbuka.) Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kikundi cha utafiti kuhusu wanawake tangu 1980, na Makerere walianzisha idara kamili mwaka 1991. Fedha za wafadhili zilichangia, hilo halifichiki. Ila fedha haielezi kila kitu.

Pale Mlimani kulikuwa na kitu kikiitwa Punch: karatasi zinabandikwa ukutani, zina michoro na matusi ya kuwadhalilisha wanafunzi wa kike, na mwandishi hajulikani. Miaka ilipita, watu wanasoma, wanacheka, wanaingia darasani. Ulikuwa "utani wa chuo". Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyeandamwa na Punch alijiua. Wahadhiri wanawake na waandishi wa TAMWA wakapaza sauti, na Punch ikapigwa marufuku.

Nimekaa na kisa hiki muda mrefu. Wengi wa waliocheka walikuwa watu wa kawaida, na bila shaka wapo waliokwenda misa Jumapili. Walichokosa ni macho ya kuona kwamba hapa kuna dhambi. Dhambi iliyozoeleka inapewa jina zuri, utani, mila, desturi, na inakaa hapo mpaka mtu aulize. Masomo haya yalikua kwa sehemu kubwa kwa sababu kulikuwa na maswali ambayo hakuna idara nyingine iliyokuwa inayauliza.

Wataalamu wetu wa Kiswahili wanatofautisha jinsi, yaani kuzaliwa mume au mke, na jinsia, yaani yale ambayo jamii inayajenga juu ya hapo: nani abebe maji, nani arithi, nani aseme kikaoni. Tofauti hiyo ina ukweli, na huhitaji kusafiri ili uuone. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama. Kwa Wachagga kihamba kimekwenda kwa watoto wa kiume. Morogoro na Kilimanjaro ni safari ya siku moja tu kwa basi, na miili ya watu ni ileile. Kwa hiyo anayesema kila desturi yetu imeandikwa kwenye maumbile hajatembea.

Na hata Maandiko hayamsaidii. Katika *Mulieris Dignitatem* (1988), Mt. Yohane Paulo II anaisoma sura ya tatu ya Mwanzo na kusema kwamba mwanaume kumtawala mwanamke ni tunda la dhambi ya asili. Mungu hakuumba hivyo. Hii ina maana kubwa, kaka yangu unayepiga meza ukitetea mila: unachokiita maumbile huenda ni jeraha.

Sasa upande wa pili, maana na huko kuna kuruka. Kutoka kwenye "mengi tumeyajenga sisi" wengine wanakwenda hadi "yote tumeyajenga sisi". Mwaka uleule wa 1990 Judith Butler alichapisha *Gender Trouble*, kitabu ambacho utakutana nacho tu ukisoma kozi hii. Kwa kifupi, anasema jinsia inaundwa na matendo tunayoyarudia, na hata tunavyowagawa watu kuwa wa kike na wa kiume kwa miili yao hakujaepuka mkono wa jamii. Ukimwuliza mfuasi wake, "Kama mwanamke ni jina lililotungwa, nani basi alidhulumiwa?", atakujibu kwamba kitu cha kutungwa kinaweza kuumiza. Noti ya elfu kumi imetungwa, ila ikosekane uone kama hutalala njaa. Jibu hilo sio la kijinga. Lakini Benki Kuu inaweza kuifuta noti kwa tangazo moja. Mimba haifutwi kwa tangazo. Mama anayevuja damu wakati wa kujifungua hafi kwa sababu ya jina. Imani yetu inasema mtu ni roho na mwili kwa pamoja, na mwili huo una neno la kusema kuhusu yeye ni nani.

Ndiyo maana hati ya Idara ya Elimu Katoliki ya Vatikano ya mwaka 2019 haikuweka vyote kapu moja. Inakataa itikadi inayofuta tofauti ya mume na mke, lakini inautambua utafiti kuhusu namna tofauti hiyo inavyoishiwa katika tamaduni mbalimbali, na huko inataka tusikilize, tufikiri, tupendekeze. Mtu hawezi kusikiliza kama ameshahama darasa.

Aliyenisaidia zaidi katika hili ni Edith Stein. Alipata udaktari wa falsafa kwa alama za juu kabisa mwaka 1916, akawa msaidizi wa Husserl, lakini alipotaka kuwa mhadhiri wa chuo kikuu mwaka 1919 alikataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Akamwandikia waziri wa Prussia. Mwaka 1920 waziri akatamka kwamba kuwa mwanamke si kizuizi. Kazi yenyewe hakuipata hata hivyo. Baadaye, akiwa Mkatoliki, alitoa mihadhara mingi kuhusu mwanamke, akitetea kwamba mwanamke ana namna yake ya kuwa mtu, na pia kwamba hakuna taaluma ambayo mwanamke hawezi kuifanya. Yote mawili kwa pamoja! Leo kila upande ungemlaumu kwa nusu moja.

Neno la mwisho ni la mtihani, maana najua wengine mnaogopa hapo. Ukiulizwa ueleze nadharia ya Butler, ieleze vizuri, kwa nguvu zake zote, halafu kama swali linataka maoni yako, yatoe na sababu zake. Mt. Thoma wa Akwino katika *Summa* anaanza na hoja za wanaompinga, na wakati mwingine anazipanga vizuri kuliko wenyewe. Thoma huyohuyo alimfuata Aristotle kudhani kwamba mwanamke anazaliwa pale mbegu ya mwanaume inapopungukiwa nguvu. Yai la mwanamke halikuwa limejulikana. Von Baer aliutangaza ugunduzi wa yai la mamalia mwaka 1827. Sisi tunaomsoma kila siku seminarini tunaendelea kumsoma, na ukurasa ule tunausahihisha.

Mt. Teresa Benedikta wa Msalaba, utuombee.