Sauti Itokayo Nyuma (Isaya 30:21)

Nabii asema ya kuwa neno litasikiwa nyuma yetu, tugeukapo kuume au kushoto. Mbona nyuma, wala si mbele? Tazameni mchunga ng'ombe wa Usukuma: huwatanguliza ng'ombe wake, naye hufuata; mmoja akiiacha njia, humwita. Ndivyo Bwana atuongozavyo: hutuacha twende, wala hatuachi tupotee.

Hapa Kalangalala dhahabu huita kutoka mbele. Mgodi wa zamani wa Geita uliwaita watu tangu miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Mwingine ulianza kazi mwaka 2000. Kuchimba si dhambi. Watu wa Yuda nao hawakulaumiwa kwa kusafiri, bali kwa kushuka Misri kutaka msaada pasipo kumwuliza Bwana. Basi, mwalimu wa kanisa, ukitaka kuliacha darasa la ubatizo uende mashimoni, usiulize kwanza, "Nitapata kiasi gani?" Uliza, "Ni nani aniitaye, na hawa nawaachia nani?" Kisha nyamaza, usikilize. Aitwaye na dhahabu huachwa peke yake siku iishapo. Aitwaye na Bwana haachwi kamwe. Amina.