MIJELEDI NA MKATE

  

Katika mwaka 218 wa Hijra, nao ni 833 wa Miladi, Khalifa Maamun mwana wa Harun Rashid alimpelekea waraka liwali wake wa Baghdad, awakusanye makadhi na wanazuoni, awaulize: Kurani imeumbwa au haikuumbwa? Na Khalifa huyu hakuwa mjinga. Alikuwa mpenda vitabu na majadiliano, na hilo ndilo lililoizidisha balaa, kwa kuwa alijiona anawaongoza watu, haoni kuwa anawadhulumu.

Wengi waliitikia kwa hofu. Ahmad mwana wa Hanbal alikataa. Naye alikuwa amesoma kwa Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo ifuatwayo na Waislamu wengi wa pwani. Akatiwa minyororo pamoja na kijana mmoja, Muhammad mwana wa Nuh, wapelekwe kwa Khalifa aliyekuwa vitani mpakani mwa nchi ya Warumi. Hawajafika, Maamun akafa. Wakarudishwa, na yule kijana akafa njiani, Ahmad akamsalia.

Kisha akasimamishwa mbele ya Mutasim, nduguye Maamun. Kadhi mkuu, Ibn Abi Duad, alikuwapo, na wanazuoni wa jumba la ufalme wakamzunguka wakimhoji. Kila hoja waliyoileta, yeye aliwataka ushahidi wa Kitabu au Sunna. Mutasim alikuwa mtu wa vita, si mtu wa elimu, na husemwa kwamba moyo wake ulilainika. Waliomsukuma ni wenye vilemba. Ahmad akapigwa mijeledi hata akazimia. Baadaye akaachiliwa, naye akamsamehe Khalifa kwa pigo lile.

Hayo watu wengi wameyasikia. Yaliyofuata husimuliwa kwa uchache, nayo ndiyo mazito zaidi.

Mwaka 232 (847) alitawala Mutawakkil, naye akaiondoa fitina ile. Akamwita Ahmad, ambaye sasa ni mzee, aende Samarra, mji wa kifalme uliojengwa kando ya mto Tigris. Safari hii hapakuwa na minyororo. Palikuwa na nyumba yenye matandiko, vyakula vya jikoni mwa Khalifa, mavazi ya heshima, na mifuko ya dirhamu. Ahmad akafunga saumu, asile kitu cha chakula kile hata mwili ukadhoofika. Fedha aliyolazimishwa kuipokea aliigawa kwa maskini, asibakishe hata dirhamu moja.

Lakini wanawe walikuwa na watoto wa kulisha, wakapokea posho ya Khalifa. Aliwakataza, nao hawakuweza kuiacha. Wala hakusema kwamba mali ile ni haramu kwa kila mtu, ila yeye hakuitaka.

Basi husimuliwa kwamba siku moja, amekaa siku bila chakula, aliletewa mkate nao ungali moto. Akauliza, umeokwaje upesi hivi? Akaambiwa, tanuri ya nyumbani kwa mwanawe Saleh ilikuwa tayari ina moto. Akasema, uondoeni. Kisha akaamuru mlango uliokuwa kati ya nyumba yake na nyumba ya Saleh uzibwe.