Deni la Neno "Haiwezekani"

Mjinga akisema jambo haliwezekani, watu hupita. Mtaalamu akilisema neno hilo, milango hufungwa. Basi yafaa kuuliza kama deni la mlango uliofungwa bure ni la aliyelisema au la waliolirithi.

Mwaka 1895, mjini Würzburg katika Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Alitaka kujua kama zaweza kupindwa, kama nuru ipindwavyo na maji au kioo. Alijaribu prizimu za maji, za eboniti na za alumini. Alijaribu na lenzi pia. Hakupata mpindo wa kutegemewa, akaandika kuwa lenzi haziwezi kuzikusanya eksirei. Walakini aliandika na kipimo: kama mpindo upo, haufiki mbali zaidi ya 1.05, hali 1 maana yake ni kutopinda kabisa. Kukana kwa namna hiyo ni uaminifu, kwa kuwa msomaji huonyeshwa jicho la mkanaji lilikomea wapi.

Baadaye mpindo ulipimwa, ukaonekana kuwa sehemu chache tu katika milioni, tena wa kinyume: lenzi ya eksirei sharti ibonyee pale lenzi ya nuru ivimbapo. Neno la kale likazidi kupata nguvu. Mwaka 1991 wazo la lenzi lilipotolewa katika jarida la Nature, lilikanwa mwaka ule ule katika jarida lile lile. Hoja za mkanaji hazikuwa za ovyo, maana kitu kizito hunyonya eksirei kabla ya kuzipinda vya kutosha.

Mwaka 1996 Anatoly Snigirev na wenzake, huko Grenoble katika Ufaransa, walitoboa matundu 30 mfululizo katika kipande cha alumini, kila tundu milimita 0.6 kwa upana. Nyama nyembamba iliyobaki baina ya tundu na tundu ndiyo iliyokuwa lenzi. Tundu moja lingezikusanya eksirei zile mbali kupita mita 50, jambo lisilo na faida; yote 30 yalizikusanya kwa mita 1.8, katika mstari wa maikromita 8. Hesabu ya Röntgen haikutanguka hata kidogo, kwa sababu mpindo ule ulikuwa ndani ya mpaka alioutaja. Kilichotanguka ni neno lililotembea peke yake miaka 100 bila kipimo chake. Na madini yenyewe hayakuwa mageni: alumini ilikuwa mezani pake tangu mwanzo.